Haki ya silaha na kujihami ndani ya kambi za jeshi la Marekani: maana yake

Wamarekani wanapobishana kuhusu haki ya silaha kambini, bunduki za kivita ambazo serikali humkabidhi askari hazimo. Wanabishania silaha binafsi: bastola ambayo askari, mwenzi wake wa ndoa au mtumishi wa kiraia ameinunua dukani kwa pesa yake. Je, aruhusiwe kuingia nayo kambini, kulala nayo, na kutembea nayo kiunoni ili ajihami akivamiwa? Kwa miongo mingi jibu limekuwa hapana, isipokuwa mkuu wa kambi akubali. Wengi huona ajabu kusikia hivyo. Mtu aliyefundishwa kutumia silaha kuliko jirani zake wote anawezaje kuwa ndiye asiyeruhusiwa kuwa nayo?

Ili kulielewa jambo hili inabidi kwanza kuliweka katika katiba yao. Kenya au Tanzania, raia anayemiliki bastola anayo kwa leseni, na leseni hutolewa au kunyimwa na mamlaka. Marekani umiliki wa silaha umeandikwa kama haki ya watu katika Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Kwa muda mrefu wanasheria walivutana: haki hiyo ni ya vikosi vya wanamgambo wa majimbo, au ni ya kila mtu? Mahakama ya Juu ilikata shauri mwaka 2008 katika kesi ya Heller, iliyotoka jijini Washington: ni haki ya mtu binafsi, na kiini chake ni kujihami, hasa nyumbani. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, mahakama hiyo ikaivusha haki kizingiti cha nyumba, ikasema inamfuata mtu hata hadharani.

Lakini hukumu ya Heller ilikuwa na sentensi ambayo wapenzi wa silaha huipita haraka. Majaji walisema wazi kwamba hawakuwa wakitilia shaka marufuku ya silaha katika maeneo nyeti kama shule na majengo ya serikali. Kambi ya jeshi ni ardhi ya serikali kuu, na ndani yake mna majengo ya serikali kila upande.

Sheria hubadilika langoni

Chukua Fort Hood, kambi kubwa iliyoko Texas, pembeni mwa mji wa Killeen. Tangu Septemba 2021 mtu mzima aliyetimiza miaka 21, na ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha, anaweza kubeba bastola mitaani Texas bila kibali chochote. Anaingia nayo dukani, anaendesha gari nayo, yuko ndani ya sheria. Akifika kwenye lango la kambi na kulivuka bila kuisajili wala kuwa na ruhusa, amevunja kanuni, na huenda amefanya kosa la jinai la serikali kuu. Kibali cha jimbo, hata akiwa nacho mfukoni, hakimfai kitu pale. Lango lile linatenganisha mamlaka mbili.

Upande wa ndani, mwenye neno ni mkuu wa kambi. Mahakama za Marekani zimekubali tangu zamani kwamba mkuu wa kambi anaweza kumzuia raia yeyote asiingie, na anaweza kuweka masharti kwa anayeingia. Askari mwenyewe yuko chini ya sheria za kijeshi, ambamo kutotii amri au kanuni halali ni kosa lenye adhabu. Mwaka 1974, katika kesi ya Parker dhidi ya Levy, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba jeshi ni jamii ya pekee, iliyotengana na jamii ya raia, na kwamba haki ambazo raia anazo hazitumiki mle kwa kipimo kilekile. Kesi ile ilihusu uhuru wa kusema, lakini hoja yake ndiyo inayobeba pia suala la silaha. Aliyejiunga na jeshi amekubali kuvaa anachoambiwa, kulala anapoambiwa na kwenda anakotumwa. Kuweka bastola yake mahali anapoambiwa ni sehemu ya mkataba huohuo.

Kwa hiyo askari anayeishi kwenye mabweni ya kambi hawezi kukaa na bunduki chumbani. Huisajili, kisha huikabidhi kwenye ghala la silaha la kikosi chake, na akitaka kwenda kuwinda au kwenye uwanja wa shabaha huichukua kwa utaratibu na kuirudisha. Anayeishi na familia katika nyumba za kambi mara nyingi huruhusiwa kuiweka nyumbani, ikiwa imesajiliwa na imefungiwa kama kanuni za kambi hiyo zinavyotaka. Anayepanga nyumba mjini yuko chini ya sheria za jimbo, hadi atakapofika langoni asubuhi. Wanaotembea na silaha kambini kwa kawaida ni polisi jeshi, polisi wa kiraia wa kambi na walinzi walio zamu. Kikosi kizima cha watu wenye mafunzo ya vita hufanya kazi mchana kutwa bila bastola hata moja.

Uzushi mmoja unarudiwa sana: kwamba Rais Clinton ndiye aliyewanyang'anya askari silaha mwaka 1993. Agizo la Wizara ya Ulinzi lililoweka mipaka ya nani abebe silaha lilitolewa Februari 1992, wakati wa Rais George H. W. Bush. Cha mwaka 1993 ni kanuni ya Jeshi la Nchi Kavu iliyolitekeleza agizo hilo. Na hata kabla ya hapo hapakuwa na enzi ambayo askari wa Marekani walizurura kambini na bastola zao za dukani kama wapendavyo.

Kujihami na kubeba silaha

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili, nami naona ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Haki ya kujihami haijawahi kufutwa kambini. Askari akishambuliwa ana haki kamili ya kupigana kuokoa maisha yake na ya wenzake, kwa chochote atakachokipata. Kilichozuiwa ni kujiandaa mapema kwa silaha yake mwenyewe. Haki ipo, chombo hakipo. Wanaodai mabadiliko husema haki isiyo na chombo ni maneno matupu, na kuna siku ambazo dai lao huwa zito kulijibu.

Siku mojawapo ni tarehe 5 Novemba 2009. Ndani ya kituo cha Fort Hood ambako askari walipimwa afya na kukamilisha makaratasi kabla ya kwenda vitani, Meja Nidal Hasan, daktari wa magonjwa ya akili wa jeshi, aliwafyatulia wenzake risasi kwa bastola aliyoinunua kwenye duka la Killeen. Waliuawa watu 13 na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Ukumbi ulijaa askari, na hawakuwa na silaha. Michael Cahill, mtumishi wa afya wa kiraia, alimkimbilia akiwa ameinua kiti, akauawa. Waliomkomesha Hasan ni polisi wawili wa kiraia wa kambi, Kimberly Munley, aliyejeruhiwa, na Mark Todd.

Septemba 2013 watu 12 waliuawa katika Washington Navy Yard, kituo cha Jeshi la Majini jijini Washington, mikononi mwa mfanyakazi wa kandarasi. Aprili 2014 Fort Hood ikapigwa tena, askari akiwaua wenzake watatu kabla ya kujiua. Kilichosukuma Bunge, hata hivyo, ni Chattanooga, Tennessee. Tarehe 16 Julai 2015 mtu mmoja alikifyatulia risasi kituo cha kuandikisha askari, kisha akaendesha gari hadi kituo cha askari wa akiba cha Jeshi la Majini na kuua. Wanamaji wa kivita wanne walifariki siku hiyo, na baharia mmoja akafariki baadaye kwa majeraha. Afisa aliyeongoza kituo hicho, Timothy White, alimrushia mshambuliaji risasi kwa bastola yake binafsi. Habari zilipoenea kwamba huenda akashtakiwa kwa kuwa na bastola hiyo kazini, watu walipandwa na hasira, na Jeshi la Majini likalazimika kusema kwamba hakuwa ameshtakiwa.

Miezi minne tu baadaye, katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2016 iliyosainiwa na Rais Obama, Bunge lilimwagiza Waziri wa Ulinzi aweke utaratibu ambao wakuu wa kambi, vituo vya askari wa akiba na vituo vya kuandikisha wangeweza kumruhusu askari kubeba silaha wakiona inahitajika kwa usalama wake au wa kikosi. Novemba 2016 Wizara ilitoa agizo jipya. Kwa agizo hilo mkuu anayehusika anaweza kumpa mtumishi wa Wizara ruhusa ya kubeba silaha yake binafsi kambini kwa ajili ya kujihami, si kwa kazi yake rasmi.

Angalia lilivyojengwa. Agizo halikusema askari ana haki. Lilisema mkuu ana mamlaka ya kuruhusu. Ruhusa huombwa, hupimwa, huwa na muda, na inaweza kufutwa. Kwa mwanasheria hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi, kwa sababu haki huidai mahakamani, ilhali ruhusa huisubiri ofisini. Na kwa kuwa wakuu wenyewe hawakuwa na shauku nayo, mlango uliofunguliwa mwaka 2016 ulipitiwa na wachache. Mwaka huohuo Jenerali Mark Milley, akiwa mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, aliiambia kamati ya Seneti kwamba hapendekezi askari wabebe silaha zao binafsi kwa kificho kambini.

Kwa nini wakuu husita

Sababu yao ya kwanza ni mkanganyiko. Polisi wakiingia kwenye jengo lenye milio ya risasi na kukuta watu sita wameshika bastola, hawana namna ya kujua adui ni nani. Ya pili ni kwamba askari wengi hawafunzwi bastola kabisa. Anayejua bunduki ya kivita porini si lazima ajue kufyatua bastola kwenye korido iliyojaa wenzake. Ya tatu ni kwamba mshambuliaji mara nyingi ametoka ndani. Pearl Harbor, kambi ya Jeshi la Majini huko Hawaii, Desemba 2019, aliyeua wafanyakazi wawili na kisha kujiua alikuwa baharia aliyekabidhiwa silaha kwa ajili ya zamu ya ulinzi. Siku mbili baadaye, katika kambi ya Jeshi la Majini ya Pensacola, Florida, aliyeua mabaharia watatu alikuwa mwanafunzi wa urubani kutoka jeshi la Saudi Arabia, na bastola yake aliinunua kihalali.

Sababu ya nne haipati vichwa vya habari, na ndiyo ninayoiona nzito kuliko nyingine. Askari wa Marekani wanaojiua kila mwaka ni wengi kuliko wote waliouawa katika mashambulizi haya niliyoyataja, na wengi wao hujiua kwa bunduki, kwa kawaida iliyo yao binafsi. Kijana wa miaka 20 aliyeachwa na mchumba, mwenye deni, amelewa usiku wa Jumamosi bwenini: umbali kati yake na bastola ndio huamua kama ataamka Jumapili. Ghala la silaha lenye kufuli na mlinzi humpa saa chache, na saa chache mara nyingi hutosha kumwokoa, kwa sababu wimbi la namna hiyo hupita.

Hata hapo sheria ilivutana. Katika sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2011, Bunge lilizuia Wizara kukusanya taarifa za silaha ambazo askari anazo nje ya kambi. Makamanda wakalalamika kwamba hawawezi hata kumuuliza kijana aliye hatarini kama ana bastola nyumbani. Sheria ya mwaka wa fedha 2013 ikawaruhusu, wao na watumishi wa afya, kuuliza pale wanapokuwa na sababu ya kuhofia kwamba mtu atajidhuru au kudhuru wengine. Mwaka 2023 kamati huru iliyoundwa kuchunguza kujiua jeshini ilipendekeza siku za kusubiri kwa anayenunua bunduki kwenye maduka ya kambi, na umri wa chini wa miaka 25. Ndiyo, maduka ya kambi huuza bunduki. Mtu anaweza kuinunua pale asikoruhusiwa kutembea nayo.

Siwadharau wanaotaka ruhusa ipanuliwe. Familia za Fort Hood na Chattanooga zina haki ya kuuliza kwa nini wapendwa wao walikufa mikono mitupu. Ila sera inayotungwa kwa kutazama siku ya shambulio pekee, na kuzisahau siku nyingine zote za mwaka, itaongeza jeneza mahali pengine. Agosti 2025, Fort Stewart huko Georgia, sajini aliwajeruhi askari watano kwa bastola yake binafsi, na wenzake wasio na silaha wakamrukia na kumwangusha. Wote watano walipona. Upande mmoja utasema: tazama, hawakuhitaji bastola. Upande wa pili utasema: tazama, marufuku haikuizuia bastola yake kuingia. Kila upande una kweli mkononi.

Kwa jamaa zetu walioko huko

Wakenya, Watanzania, Wakongomani na wengine wetu wengi wako katika jeshi hilo, na ndugu zao huwatembelea kambini. Agizo la 2016 linahusu watumishi wa Wizara. Mke, mume au shemeji hawamo. Ukifika langoni na bastola garini, mwambie mlinzi kabla hajapekua, naye atakueleza kama unaweza kuisajili au ugeuze gari. Nje ya Marekani mambo ni makali zaidi, kwa kuwa sheria ya nchi mwenyeji nayo inatumika: askari wa Marekani aliyeko Manda Bay, Lamu, habebi Marekebisho ya Pili kwenye begi lake. Na kwa kuwa maagizo ya Pentagoni, yaani Wizara ya Ulinzi, hubadilika tawala zinapobadilika, na kila kambi ina kanuni zake, anayehamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine aulize ofisi ya polisi jeshi ya huko aendako kabla ya kupakia silaha kwenye gari.