Je, Wahadzabe huishi kwa nyama tu?

Wengi huamini kwamba Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, hula nyamapori karibu kila siku. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa picha nyingi huonyesha pinde na mishale, na mara chache huwaonyesha wanawake wakichimbua mizizi kwa fimbo zilizochongwa ncha. Hata hivyo, mizizi hiyo, ubuyu, asali na matunda ya porini ndivyo vilivyokuwa sehemu kubwa ya chakula chao, ilhali nyama ilitegemea bahati na msimu. Siku hizi, mashamba na mifugo vikiwa vimepunguza wanyama, wengi hula pia ugali. Anayetazama video ya mawindo na aulize: ilirekodiwa msimu gani, na siku ambazo mishale ilikosa, kambi ilikula nini?