Je, wajua kwa nini serikali hupinga ramani kwa barua?

Siku ya Jumamosi wafinyanzi wa Kikisi hupakia vyungu katika mitumbwi huko Ikombe na kupiga makasia kandokando ya milima ya Livingstone hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela. Kwa mujibu wa Tanzania, safari hiyo yote hufanyika ndani ya nchi, kwa sababu mpaka unapita katikati ya Ziwa Nyasa. Malawi inashikilia kwamba mpaka ni ufukwe wenyewe, hivyo mtumbwi ukishaelea tu umeingia nchi nyingine.

Madai ya Malawi yanatokana na mkataba ambao Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini tarehe 1 Julai 1890, uliofuatisha mpaka na ufuko wa ziwa hadi mdomo wa mto Songwe. Mwaka 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo nchi zao zilipopata uhuru, na Malawi huliegemea azimio hilo pia. Tanzania hujibu kwamba desturi ya mataifa yanayopakana ziwani ni kugawana maji kwa mstari wa kati, na kwamba mkataba huohuo, katika kifungu cha sita, uliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Mimi naona hoja hiyo ya mwisho ina uzito, maana hakuna hitaji la mahali lililo wazi kuliko la mtu anayeteka maji ya kunywa ziwani kila alfajiri.

Hata hivyo, hoja nzuri isiyosemwa hupotea. Katika sheria za kimataifa upo ukubali wa kimya: nchi ikiona jirani anatumia ramani inayoinyima haki, nayo ikanyamaza miaka mingi, kimya hicho huweza kuhesabiwa kuwa imeridhia. Thailand iliyaona hayo mwaka 1962, pale Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kwamba hekalu la Preah Vihear ni mali ya Cambodia. Ramani iliyochorwa na maofisa wa Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Cambodia, ilikuwa imefika mikononi mwa Thailand, wakati huo ikiitwa Siam, tangu 1908, na haikupingwa. Mwaka 1930 mwanamfalme Damrong wa Siam alilizuru hekalu hilo, akapokelewa rasmi na ofisa wa Kifaransa chini ya bendera ya Ufaransa, wala serikali yake haikulalamika. Majaji waliyapima yote hayo.

Ndipo unapoona thamani ya waraka wa kidiplomasia. Ni barua inayoandikwa kana kwamba wizara yenyewe ndiyo inayozungumza: “Wizara ya Mambo ya Nje inatoa salamu zake kwa Ubalozi na ina heshima ya kuujulisha…” Kwa kawaida haibebi saini kamili, bali mhuri na herufi za kwanza za jina la ofisa. Maneno yake ni ya upole, lakini ikiwa na pingamizi ndani yake, huhifadhiwa na pande zote mbili, na hakuna atakayeweza kudai baadaye kwamba nchi ilikaa kimya. Tanzania ilianza kuiandikia Malawi kuhusu mpaka huu mwaka 1967.

Mzozo ulipopamba moto tena mwaka 2012, kufuatia vibali vya kutafuta mafuta ziwani vilivyotolewa na Malawi, nchi hizo ziliingia katika usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika ukiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Usuluhishi si mahakama: msuluhishi hupendekeza, nchi zikakubali au zikakataa. Hata mahakama ya kimataifa haiwezi kuisikiliza kesi ya mpaka bila nchi husika kuridhia. Kwa hiyo, hadi patakapopatikana makubaliano, kila ramani mpya inayouweka mpaka ufukweni mwa Matema inapaswa kupata jibu lake kwa maandishi.