Chumvi imezidi kwenye supu: kiazi kinaitoa kweli?

Wapishi wengi wa shughuli wanaamini kwamba supu ya viazi ikizidi chumvi, ukitumbukiza kiazi kibichi kilichomenywa kitainyonya, kisha unakitoa na kukitupa. Imani hii ni ya siku nyingi, na ina chanzo chake: kiazi hicho ukikiuma, kina chumvi kweli.

Lakini kiazi hakichagui. Kinaingiza maji na chumvi pamoja, kwa hiyo mchuzi unaobaki kwenye sufuria una ukali uleule wa chumvi, ila kiasi chake kimepungua kidogo. Mara nyingi kinachosaidia ni yale maji yaliyoongezwa ili kiazi kiive. Sifa anapewa kiazi.

Kupima ni rahisi. Chota mchuzi uliozidi chumvi, ugawe sawa kwenye visufuria viwili. Kimoja tia vipande vya kiazi, kingine usitie kitu. Funika vyote, chemsha kwa moto mdogo hadi kiazi kilainike. Kitoe, acha vipoe, kisha mpe mtu asiyejua kipi ni kipi aonje. (Usisahau kufunika: maji yakikauka chumvi inakolea.)

Kwa sufuria la watu hamsini, dawa ni kuongeza kiasi: maji ya moto, viazi vingine vilivyochemshwa bila chumvi na kupondwa, au tui la nazi. Viazi hivyo viache humohumo viliwe. Ndimu hupoza ladha ya chumvi mdomoni, ingawa chumvi yenyewe haipungui. Anayekatazwa chumvi na daktari asiitegemee ndimu.