Kerneli haitakufagilia: dhana potofu kuhusu kuachia intarapti kwenye draiva za mtandao

Nikisikia tena kwamba kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, "itasafisha yenyewe", nitaanza kutoza hela ya ziada. Maneno haya nayasikia Tanga nzima, kwa mafundi wanaofunga rauta na seva ndogo maofisini Chumbageni na kwa vijana wa Ngamiani wanaoniletea draiva zao za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa, nizipitie. Wengi ni hodari wa C. Wanajua kuita request_irq, inayoandikisha handla (msimbo unaoitwa kadi ikipiga intarapti, yaani ikiishtua prosesa), na kadi yao ya mtandao inapitisha pakiti mchana kutwa bila wasiwasi. Shida iko kwenye kufunga: open(), inayoiwasha kadi, inajaza skrini mbili, stop(), inayoizima, ina mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ni return 0.

Dhana: "Draiva ikiondolewa, kerneli inarudisha kila kitu yenyewe."

Najua imani hii ilikotoka. Programu ya kawaida ikifa, hata ikifa vibaya, kerneli huirudisha kumbukumbu yake na kufunga faili na soketi zote ilizoacha wazi. Aliyezoea raha hiyo anadhani na moduli, yaani draiva inayopakiwa ndani ya kerneli, itafanyiwa hivyohivyo. Moduli siyo prosesi. Ikishapakiwa inakuwa kerneli yenyewe, na hakuna daftari linaloandika kwamba intarapti namba 24 ilichukuliwa na moduli fulani na inadaiwa. Mji wetu unasifika kwa waja leo waondoka leo, lakini hata mgeni wa siku moja hurudisha ufunguo wa chumba.

Usipoita free_irq, inayoachia intarapti, rmmod (amri ya kuondoa moduli) inaufuta msimbo wa draiva kwenye kumbukumbu huku handla yako ikibaki imeandikishwa, inaelekeza mahali ambapo hapana kitu tena. Kadi ikipiga intarapti nyingine, prosesa inaruka kwenda anwani hiyo na mashine inakufa na ujumbe wa "Fatal exception in interrupt". Kadi ikinyamaza, unadhani umepona. Halafu unaandika cat /proc/interrupts, inayoonyesha orodha ya intarapti, ujiridhishe kwamba mambo ni shwari, na mashine inaweza kuanguka hapohapo, kwa kusoma tu. Jina lile unaloliona mwisho wa mstari halikunakiliwa popote. Kerneli ilitunza pointa peke yake, yaani anwani ya jina hilo, na mara nyingi herufi zenyewe zilikuwa ndani ya moduli uliyoiondoa, au ndani ya netdev, rekodi ya kadi kwenye kerneli, uliyoifuta.

"Kaka, mbona mimi naiondoa na kuirudisha na haianguki?" aliniuliza kijana mmoja. Nikamwambia afungue dmesg, logi ya kerneli, na asome mistari anayoirukaga. Ilikuwemo: remove_proc_entry inalalamika kwamba inaondoa folda ya irq ambayo si tupu, na kwamba inavujisha jina la kadi yake. Alikuwa ameachia vekta za MSI (intarapti ambazo kadi huzituma kama ujumbe) bila kuachia handla kwanza. Kwenye kerneli za zamani kosa hilohilo lilikuwa linagonga BUG_ON, ukaguzi unaoangusha palepale, moja kwa moja, na naona zile zilikuwa na adabu zaidi, maana zilikuonyesha kosa siku hiyohiyo.

Kwenye laini isiyoshirikiwa, yaani intarapti ya kifaa kimoja tu, dalili ni nyingine. Ukiipakia draiva tena, request_irq inarudisha -16, yaani EBUSY: ina mwenyewe tayari. Hapo fundi huanza kuilaumu kadi, anaagiza nyingine Dar es Salaam, inafika, anaiweka, na kwa kuwa mashine ilizimwa wakati wa kubadilisha, kila kitu kinakubali. Kesi imefungwa, kadi nzima imetupwa, hitilafu bado imo.

"Basi nitatumia devm, nisihangaike."

Huyu ni mtoto wa dhana ya kwanza, ila amevaa suti. Ni kweli devm_request_irq, iliyoingia na Linux 2.6.21 mwaka 2007, huachia intarapti bila wewe kuandika mstari. Lakini huiachia lini? Baada ya remove() yako, ile inayoitwa draiva ikiondolewa, kumalizika. Kwa hiyo kama ndani ya remove() umeachia ringi za deskripta (foleni za kumbukumbu ambamo kadi na draiva hupeana pakiti) kwa mkono, kuna kipindi ambacho ringi hazipo na handla bado iko hai. Ni kipindi kifupi, na kadi yenye trafiki ya kutosha itakipata. Ama kila kitu kiende kwa devm, ambayo hufungua kwa mpangilio wa kinyume na ulivyofunga, ama kila kitu kiwe mikononi mwako. Nusu kwa nusu ndiyo inayonila usiku.

Mtego wake wa pili ni kuita devm_request_irq ndani ya ndo_open, ile open() ya mwanzo. Kadi inapandishwa na kushushwa mara nyingi bila draiva kuondolewa, na kushusha kwa ip link set down si kuondoa draiva. Ukishusha, intarapti haiachiwi. Ukipandisha tena, kama laini haishirikiwi unapata EBUSY uleule. Kama inashirikiwa, handla ya pili inaongezwa juu ya ya kwanza, na hakuna anayekuambia chochote. Kilichochukuliwa kwenye open kiachiwe kwenye stop, kwa free_irq ya kawaida. Sioni sababu ya kujadiliana hapo.

Dhana: "Nimeita free_irq, kwa hiyo hakuna kinachogusa bafa zangu."

free_irq inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyoijua: inasubiri handla inayoendelea kwenye prosesa nyingine imalize ndipo irudi. Haisubiri NAPI, utaratibu wa kerneli wa kusoma pakiti kwa mafungu. Handla ya kadi ya mtandao kwa kawaida haishughuliki na pakiti. Inaita napi_schedule na kuondoka, kisha poll, msimbo wa draiva unaoitwa na NAPI, inakuja baadaye kwenye softirq (kazi iliyoahirishwa na intarapti) kusoma ringi zilezile. Ukiachia intarapti na kufuta ringi bila napi_disable, inayoisimamisha poll, basi poll iliyokwisha kupangwa itasoma kumbukumbu ya mtu mwingine.

Kuna jambo linalowapiga chenga hata wazoefu. Poll ikimaliza kazi yake huwasha tena intarapti za kadi. Kwa hiyo ukianza kwa kuzima rejista ya intarapti, ukaridhika, poll iliyokuwa katikati ya kazi itakuja kuiwasha nyuma yako. Draiva ya e1000e inajikinga kwa kuweka alama kwamba kadi inashushwa, na poll huiangalia alama hiyo kabla ya kuwasha chochote. Mimi kwenye draiva ndogo hufuata njia fupi: nasimamisha foleni za kutuma, naita napi_disable, nazima intarapti kwenye kadi yenyewe, naita free_irq, na ringi naziachia mwisho kabisa. Njia hii inataka handla iwe inazima chanzo cha intarapti hata pale napi_schedule_prep inapokataa kupanga poll, la sivyo kadi itaipigia prosesa kelele katika kile kipindi kabla hujaizima.

Na vijana wangu wote nawalazimisha kuandika stop() kabla ya open(). Wananuna. Lakini stop() ikiwa tayari mezani, njia za makosa za open() zinajiandika: vekta ya nne ikikataa, unajua ni zipi tatu za kurudisha, na unazirudisha kwa kuhesabu nyuma.

Dhana zinazobaki nitazipitia mbiombio.

"disable_irq inatosha." Haiondoi handla, inaifunga laini tu. Na inaifunga kwa kila kifaa kinachoshiriki laini hiyo, kwa hiyo usishangae kadi ya sauti au USB ikigoma.

"free_irq inainyamazisha kadi." Haiijui kadi yako. Kwenye laini ya kushirikiwa, kadi ambayo haikuzimwa itaendelea kuita bila mtu wa kuitikia. Kerneli ikiona 99,900 kati ya intarapti 100,000 hazina mwenyewe, inaandika "nobody cared" na kuizima laini nzima, na jirani asiye na kosa anaumia.

"dev_id weka NULL." dev_id ndiyo pointa inayotambulisha handla yako. Kwa IRQF_SHARED, yaani laini ya kushirikiwa, request_irq itakukatalia palepale. Na kwenye free_irq lazima upeleke pointa ileile uliyoandikishia. Ukipeleka nyingine utaambiwa unajaribu kuachia intarapti iliyokwisha kuachiwa, na ile halisi inabaki palepale.

"free_irq naweza kuiita popote." Si ndani ya handla, na si ukiwa umeshika kufuli ambalo handla inalihitaji. Yenyewe inamsubiri handla, handla anakusubiri wewe.

"MSI-X hazishirikiwi, kwa hiyo mpangilio hauna maana." Una maana. Kila vekta iitiwe free_irq kwanza, ndipo pci_free_irq_vectors ifuate. MSI-X inaruhusu hadi vekta 2048 kwa kifaa kimoja, MSI ya kawaida 32, kwa hiyo tumia kitanzi na uihifadhi idadi uliyopewa kweli. pci_alloc_irq_vectors, iliyokuja na Linux 4.8 mwaka 2016, inaweza kukupa pungufu ya ulichoomba.

"Nimeijaribu, inafanya kazi." Umeijaribu kwenye kerneli ya kawaida. Jenga nyingine yenye CONFIG_DEBUG_SHIRQ, uirudie. Kwa laini ya kushirikiwa, free_irq ya kerneli hiyo huiita handla yako mara moja zaidi kwa makusudi baada ya kuiondoa, na kama ringi ulishazifuta, utaanguka mbele ya macho yako mwenyewe badala ya kuanguka kwa mteja.

Na kama uliweka affinity hint ili kuelekeza vekta kwenye prosesa fulani, irudishe kuwa NULL kabla ya free_irq. Usipofanya hivyo kerneli itaifuta yenyewe na kukuachia onyo la WARN kwenye logi. Ndiyo, hapo inafagia kweli.