Je, wajua kwa nini ncha za pembe hazisemi umri wa ayala?

Huku Minnesota, Jumatatu ya kwanza baada ya msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki kufunguliwa mwezi Novemba, chumba cha mapumziko kazini huwa na habari moja tu. Simu zinapita mkono kwa mkono juu ya masufuria ya chakula. Huyu kapata jike Jumamosi alfajiri, yule kakaa juu ya mti siku mbili akashuka mikono mitupu, mwingine ana picha ya koyoti aliyempiga kandokando ya shamba la mahindi. Koyoti ni wa jamii ya mbwa, mkubwa kidogo kuliko bweha wetu. Ayala ndiye yule mnyama wa porini mwenye pembe zenye matawi, ambaye Biblia ya Kiswahili inamtaja kwenye Zaburi ya 42. Wengi tunamwita kulungu au paa, lakini hao ni wanyama wengine kabisa, na kuwachanganya ndiko kulikonipotosha.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani alinipa simu yake nimwone dume aliyempata. Pembe zilikuwa zimechanua juu ya kichwa, ncha tano upande huu, tano upande ule. Nikahesabu, nikampongeza: "Huyu ana miaka kumi." Mzee akatikisa kichwa. "Mitatu na nusu." Nikadhani anakisia. Siku mbili baadaye alinijia na taya la chini la yule dume, kalichemsha na kulisugua hadi likawa safi, kalifunga kwa gazeti. Akalifungua mezani na kuniambia niache pembe, nitazame meno.

Imani kwamba kila ncha ni mwaka mmoja haiko kwa wageni peke yetu. Watu waliozaliwa hukuhuku nao wanayo, na si imani ya kipuuzi. Mti ukikatwa, duara zake zinahesabika. Ng'ombe jike akizeeka, pembe zake hujaa mikunjo karibu na shina, na wafugaji huihesabu ili kukisia amezaa mara ngapi. Mtu aliyekulia kwenye mambo hayo akiona pembe yenye matawi, lazima atahesabu matawi.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina "pembe" moja kwa ng'ombe, nyati, tandala, hata kwa tembo ambaye zile zake ni meno. Pembe ya nyati ina mfupa ndani, na nje ina ala ngumu ya kitu kilekile kinachofanya kucha. Ala hiyo haing'oki maisha yote ya mnyama. Inaongezeka kutokea shinani, mwaka juu ya mwaka, kwa hiyo ina kumbukumbu. Mnyama akishakufa, ala huvuliwa kwenye mfupa na kubaki na uwazi, na uwazi huo ndio unaotupatia mbiu ya kupuliza. Pembe ya ayala huwezi kuipuliza hata ujitahidi vipi. Ni mfupa mtupu, umejaa mpaka ndani, hauna ala. Na kila mwaka hudondoka chini, zote mbili, kisha zikaota nyingine mpya kuanzia sifuri.

Nilipoelewa hilo, hesabu yangu ya miaka kumi ilianguka yenyewe. Pembe alizokuwa nazo yule dume zilikuwa na umri wa miezi saba hivi. Mwaka uliotangulia alivaa nyingine, zimeshadondoka porini. Kitu kinachoanza upya kila mwaka hakiwezi kubeba hesabu ya miaka.

Mfano unaonisaidia mimi ni mwembe. Mwembe mchanga huzaa maembe machache. Ukikomaa unazaa sana, na ukichakaa mavuno yanapungua tena. Katikati hapo, mvua ikiwa nzuri na udongo ukiwa na rutuba, hata mwembe mdogo unaweza kukushangaza. Je, kuna mtu anayehesabu maembe ili ajue mwembe ulipandwa lini? Ncha za ayala ni mavuno ya msimu mmoja. Dume wa mwaka na nusu anaweza kuwa na vijiti viwili tu visivyo na tawi, na mwenzake wa umri huohuo, aliyelelewa kando ya mahindi na soya, akawa na ncha nane. Kwa kawaida pembe hufikia ukubwa wake wa juu dume akiwa na miaka mitano hadi saba, halafu uzee ukimwingia huanza kupungua, wakati mwingine zikajikunja ovyo. Kwa hiyo dume wa ncha kumi anaweza kuwa kijana, na mkongwe akawa na sita. Umri una mchango wake, chakula kina mchango wake, na kuna kile alichorithi. Ukitazama picha ya pembe peke yake huwezi kuvitenganisha hivyo vitatu. Tena madume wengi, hasa mahali panapowindwa sana, hawafiki hata nusu ya miaka ile kumi niliyompa yule wa kwenye simu.

Kuhesabu kwenyewe kuna taratibu. Wazee walikuwa wanasema ncha ni ile inayoweza kuninginiza pete. Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na wenzake, kinataka ncha iwe na urefu wa inchi 1 au zaidi, na iwe ndefu kuliko ilivyo pana. Alama wanazotoa zinapima pembe tu, si umri.

Swali lililonikalia kichwani muda mrefu zaidi lilikuwa hili: ayala anajuaje kwamba wakati wa kudondosha umefika? Nilidhani ni baridi. Theluji ikianguka, pembe zinaanguka, ndivyo inavyoonekana ukiwa dirishani. Kumbe mnyama huyu anasoma mwanga.

Kwetu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hili ni gumu kulihisi, kwa sababu saa zetu zenyewe zimejengwa juu ya jua lisilobadilika. Jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili, linazama karibu na saa kumi na mbili, na kesho vivyo hivyo. Ukitaka kuelewa ayala, muulize Mwislamu aliyefunga Ramadhani Mombasa kisha akafunga Minneapolis. Mombasa, Ramadhani ya Juni na ya Desemba zinakaribiana urefu. Minneapolis, mwishoni mwa Juni mchana unapita saa 15 na nusu, na mwishoni mwa Desemba haufiki saa 9. Mfungaji anauhisi mwaka tumboni.

Ayala anauhisi kwa njia yake. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo melatonini gizani tu. Usiku ukirefuka, melatonini hutoka kwa muda mrefu zaidi, ukifupika, hupungua. Ichukulie kama mlinzi anayeandika kwenye daftari muda wa zamu yake kila usiku. Anayesoma daftari hilo ni sehemu ya ubongo inayoamuru homoni za kiume. Kuanzia Machi au Aprili, usiku ukizidi kufupika, pembe mpya huchipua zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli, yenye joto na mishipa tele ya damu. Hukua kwa kasi ambayo mfupa mwingine haufikii: kwa ayala wa hapa nusu sentimita kwa siku si ajabu, na kwa elki, binamu yake mkubwa, inaweza kufika sentimita 2. Madini ya kazi hiyo hayatoki kwenye majani peke yake. Mnyama hukopa kwenye mifupa yake mwenyewe, hasa mbavu, halafu huilipa baadaye kwa chakula.

Mwishoni mwa kiangazi usiku umeshaanza kurefuka. Testosteroni, homoni ya kiume, inapanda, mfupa unakauka, na mahameli yanakufa. Dume anayasugua kwenye miti mpaka yatoke vipandevipande, na kufikia Novemba, wakati wa kupandana, ana mfupa mkavu mgumu. Kupandana kukiisha, homoni inashuka, na seli maalumu zinaanza kuula mfupa pale pembe inaposhikana na fuvu. Siku moja, kati ya mwisho wa Desemba na Machi, anaruka uzio na pembe inabaki chini. Dume aliyehasiwa anathibitisha jambo hili: akihasiwa wakati pembe zimefunikwa mahameli, hazikauki wala hazidondoki, zinaendelea kuvimba vinundu mwaka hadi mwaka.

Mtafiti Richard Goss wa Chuo Kikuu cha Brown alilijaribu suala la mwanga katika miaka ya 1960. Aliwaweka ayala wa aina ya sika chini ya taa alizoziendesha mwenyewe, akaufupisha mwaka. "Mwaka" wa taa ukiwa wa miezi sita, ayala walibadilisha pembe mara mbili kwa mwaka wa kalenda. Akawapa wengine mwanga saa 12 na giza saa 12 kila siku, yaani mchana wa kwetu, nao wakashindwa kubadilisha pembe. Hapo pana tahadhari: hao walikuwa sika kutoka Asia, si ayala wa mkia mweupe wanaowindwa huku. Na ayala wa mkia mweupe wanaoishi karibu na ikweta, Kolombia na Venezuela, wanabadilisha pembe vizuri tu, isipokuwa kila dume ana wakati wake. Mwezi huohuo utamkuta mmoja ana mfupa mkavu na mwingine yuko kwenye mahameli. Inaonekana saa iko ndani ya mnyama, na mwanga unairekebisha.

Sasa lile taya. Mnadani kwetu mnunuzi humfunua mbuzi mdomo kabla hajataja bei, na wawindaji makini wa huku wanafanya vivyo hivyo. Jino la tatu la shavuni la ayala mdogo ni la utoto, lina vilele vitatu. Karibu na mwaka na nusu linang'oka, na linaloota mahali pake lina viwili. Baada ya hapo unasoma kulika kwa meno. Mzee alinionyesha kwa ncha ya kalamu: mistari myeupe ni gamba la nje la jino, mistari ya kahawia katikati ni sehemu laini ya ndani. Kila mwaka wa kutafuna, kahawia inapanuka na nyeupe inabanwa. Kwenye jino la nne kahawia ilikuwa imeshaipita nyeupe kwa upana, kwenye la tano bado. Mitatu na nusu. Ile nusu ipo kwa sababu watoto huzaliwa Mei na Juni na msimu ni Novemba.

Njia hii nayo huteleza kwa wakongwe, kwani anayekula penye mchanga meno yake huisha haraka. Anayetaka uhakika zaidi hupeleka jino la mbele maabara, likakatwa kipande chembamba, na kwenye mzizi wake mistari ya kila mwaka ikahesabiwa kwa hadubini. Duara za mti nilizozitafuta kwenye pembe zilikuwa kwenye mzizi wa jino. Koyoti, asiye na pembe, naye husomwa hivyohivyo, kwenye chonge.

Machi iliyopita nilikwenda na yule mzee msituni theluji ilipoanza kuyeyuka, kutafuta pembe zilizodondoka. Tulizunguka nusu siku tukapata moja, yenye ncha nne. Upande mmoja ulikuwa na mifereji midogo iliyopangika, kama mtu kapitisha tupa. Ni panya na kindi, akasema, wanatafuna wapate kalisi.