Dozi Moja ya Chanjo ya HPV: Ushahidi Ulitoka Kenya

Wazazi wanaoleta mabinti kliniki wanatuuliza: mbona zamani mlisema sindano mbili za chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, leo moja? Dawa imepunguzwa?

La. Jibu lilipatikana hapa hapa Kenya. Kuanzia Desemba 2018, wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijiunga na KEN SHE, utafiti uliopima kama dozi moja inatosha, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Baada ya miezi 18, dozi moja ilionekana kukinga kwa asilimia 97.5 dhidi ya maambukizi sugu, yaani yanayodumu mwilini, ya HPV aina ya 16 na 18. Aina hizo mbili ndizo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoua zaidi ya Wakenya 3,000 kila mwaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Kenya, iliyoanza na mbili Oktoba 2019, nayo imehamia huko.

“Lakini wangu ana miaka kumi tu, hajui wanaume.” Ndiyo maana tunataka achanjwe sasa. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo huzuia maambukizi. Haiondoi yaliyokwisha kuingia. Tena mwili wa mtoto huitikia chanjo vizuri kuliko wa mtu mzima.

Uvumi kwamba sindano hii inafunga kizazi hauna msingi. Ndani yake mna protini inayofanana na ganda la virusi, bila virusi vyenyewe. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, pale mfuko wa uzazi unapolazimika kuondolewa.

Kuna jambo moja ambalo kwetu Nyanza, ambako VVU vimeenea, halifai kupitwa. Mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hii. Kwa hiyo binti mwenye VVU hatoshelezwi na dozi moja. Anahitaji mbili, na tatu ikiwezekana. Mwambie muuguzi faraghani.

Chanjo ni bure katika vituo vya serikali. Nawe mama uliyemsindikiza, kama umefikisha miaka 25, uliza siku hiyo hiyo kuhusu uchunguzi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na mabaka meupe yakijitokeza, mara nyingi hutibiwa kabla hayajawa saratani.