Je, wajua kwa nini kulabu, ile kamba yenye ndoano ya kunasia na kubembea kwenye gemu, huwagombanisha wachezaji hata kabla gemu haijatoka?

Kama uliwahi kubembea chini ya mwembe utotoni, nusu ya jibu unayo mwilini. Kuruka kutoka kwenye bembea kuna sekunde yake. Ukijiachia bembea ikiwa chini kabisa, unarushwa mbele chini chini na magoti yanakula mchanga. Ukingoja ipande kidogo, unapaa. Ukichelewa, unadondoka wima kama embe.

Mchezaji anayepewa kulabu kwenye gemu huitafuta sekunde hiyo hiyo, ingawa hawezi kuitaja. Analenga paa, anabonyeza kitufe, kamba inachomoka, ndoano inanasa, naye anavutwa. Jambo lenyewe ni la zamani: katika Bionic Commando, gemu ya Capcom ya mwaka 1988 kwenye mashine ya Nintendo, shujaa hakuweza hata kuruka. Alikuwa na mkono wa kulabu tu, basi.

Ugomvi unaanzia kwenye kasi. Tuseme umesimama juu ya paa, kulabu imenasa, unajiachia na kushuka mita 5. Ukifika chini ya bembea una kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, mwendo wa bodaboda mtaani. Programu nayo inakuchunguza, mara nyingi mara 60 kila sekunde: je, huyu amezidi urefu wa kamba? Kama amezidi, inamrudisha, kisha inafuta ile sehemu ya kasi inayomvuta mbali na ndoano. Sehemu inayomzungusha inatakiwa iachwe kama ilivyo. Mtengenezaji mwenye haraka hufuta yote, na mchezaji akiachia kamba anahisi kama aliyegonga godoro. Atakachosema ni neno moja: "Nzito." Hawezi kusema "mmefuta kasi yangu", maana hajui kama alikuwa nayo.

Ndiyo maana Spider-Man 2 ya mwaka 2004 inakumbukwa hadi leo. Kwenye Spider-Man ya mwaka 2000 utando ulikuwa unanata hewani, popote. Jamie Fristrom na wenzake wa studio ya Treyarch, walioitengeneza ile ya 2004, wakaufanya unase majengo yenyewe, na mwili ufuate bembea. Pasipo na jengo, hunasi. Ni vigumu zaidi kuchezea, na bado ndio watu walioupenda. Kwa maoni yangu ugumu huo ndio utamu wenyewe, ingawa Just Cause 2 ya 2010 inanipinga: kulabu yake inakuvuta mstari ulionyooka, parachuti inamalizia, na raha iko pale pale.

Haya yote ni ya aliyeshika kamba. Yupo na wa pili, anayejaribu kumpiga risasi huyo anayepaa, na yeye hacheki. Mwaka 1996 watengenezaji walioitwa Threewave walitengeneza mchezo wa kuteka bendera ndani ya Quake, gemu ya kupigana risasi, wakaweka kulabu. Mbeba bendera akawa anavuka ramani kabla hujageuza shingo. Quake III Arena ilipokuja mwaka 1999, kulabu ilikuwemo ndani ya programu, lakini kwenye ramani za mchezo haikuwekwa.

Halo Infinite, nayo ya risasi, walichagua njia ya katikati. Kulabu ilionyeshwa Julai 2020, mwaka mzima na zaidi kabla gemu haijatoka Desemba 2021. Ukicheza hadithi peke yako, unaitumia tena na tena. Ukipambana na watu, unaiokota kwenye ramani na matumizi yake yanahesabiwa. Apex Legends wao walikabwa na suala la muda: Mei 2020 Pathfinder, mhusika wao mwenye kulabu, aliyekuwa akingoja sekunde 15 kati ya mruko na mruko, akaongezewa hadi 35. Mashabiki wake walilalamika sana. Baadaye kungoja kukafungwa na umbali: ukivutwa karibu, unangoja kidogo, ukienda mbali, unalipa.

Sasa mtengenezaji amsikilize nani? Jamaa yangu mmoja ana gemu ndogo anayoijenga usiku baada ya kazi. Aliwapa vijana wanne waijaribu, na watatu wakarudi na neno lile lile: kamba fupi. Nilikaa nyuma ya mmoja wao nikamtazama kidole gumba. Kila mara alikuwa anabonyeza sahihi, ila ndoano ilikosa ukingo wa paa kwa upana wa kiganja, na aliponasa, kasi ilikufa pale pale. Jamaa akairudisha kasi, kisha akaifundisha ndoano kuvutiwa na ukingo ulio karibu. Wiki iliyofuata wale watatu wakamsifu kwamba sasa kamba inafika. Wa nne bado anadai ni fupi.

Urefu wake ulikuwa mita 12 siku ya kwanza, na ni mita 12 mpaka leo.